Vidole Viwili vya Kambare

"Samaki mkunje angali mbichi," mwalimu wetu alipenda kusema kabla ya kututandika. Kwangu hiyo haikuwa methali, ilikuwa kazi ya Mama. Tulikaa kwenye kilima juu ya maziwa ya Mokoto, na kila juma alinunua kambare kwa wavuvi wanaotega pembeni, kwenye mafunjo. Aliwaosha, akawakunja wakiwa bado laini, akauingiza mkia wa kila mmoja mdomoni na kuufunga kwa kijiti. Halafu akawapanga juu ya kichanja, moshi ukawakausha siku tatu mpaka wakawa weusi na wagumu. Kambare aliyekunjwa havunjiki ndani ya kitunga, na mnunuzi anaweza kuwatunga kumi kwenye fimbo moja.

Baba alikuwa amekwisha kufa. Mashamba ya maharage na mihogo yalikuwa mikononi mwa wadogo zake, na Mama alilima humo kwa kusubiri apewe. Samaki tu ndio waliokuwa wake. Kwa samaki alinunua chumvi, sabuni, na kitenge bila kumwomba shemeji yake yeyote. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule ya msingi na sijaolewa, na nilijua vizuri kwamba kitunga kile kikipotea, Mama atarudi kuwa mtu wa kupewa.

Tuliuza Bihambwe. Tuliondoka jogoo wa kwanza, tukalala njiani kwa shangazi, na asubuhi tukawa sokoni. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki mwenye duka pale sokoni na lori, anayepeleka kambare Mpofi, huko Walikale, ambako watu wa msitu waliwapenda kuliko nyama. Hakupenda maneno mengi. Alimgonga kambare kwa ukucha, akasikiliza, akatia ndani ya lori.

Siku moja, katika miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga, tulimkuta sokoni agronomo mpya, bwana shamba wa serikali, kijana mwenye kofia, na mbele yake ubao wenye msumari mmoja. Wabelgiji walikuwa wamekwenda zao lakini sheria yao ya samaki ilibaki, na huyu alitumwa kuisimamia. Kambare unamlaza juu ya ubao, kichwa mwanzoni. Mkia usipofika msumari, huyo ni mtoto ambaye hajazaa, na kumuuza ni kosa.

Akachukua kambare wa Mama. Aliugeuzageuza ule mduara, akautazama msumari, akakosa la kufanya. Halafu akamnyoosha. Kambare akakatika katikati, paa!

"Yesu wangu!" Mama akalia. "Papa, unaniharibia samaki!"

Akaviunga vile vipande viwili juu ya ubao. Vilipungua vidole viwili. Akavunja mwingine, na mwingine. Wote walipungua vidole viwili.

"Mama, hizi samaki ziko fupi. Sheria njo sheria."

"Zilikuwa refu, Papa! Mie mwenyewe niliziona!"

Kitunga kizima kikachukuliwa. Mama alitangulia njiani kurudi nyumbani, na mimi nyuma yake nilikuwa na hasira, lakini, Mungu anisamehe, zaidi ya hasira nilikuwa na swali. Wavuvi wetu nao walikuwa na kipimo chao, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, na walio wafupi waliwarudisha majini. Sasa vile vidole viwili vilikwenda wapi?

Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Bibi alisema nitazikwa nikiuliza kaburi lina kina gani. Nilichukua ukamba wa mgomba, nikampima kambare mbichi mgongoni, nikafunga fundo. Nikamkausha amenyooka, Mama akinisonya kwamba nimemlaza kama maiti. Jioni ya kwanza nikapima: alikuwa karibu vilevile. Siku ya pili alipungua kidole. Siku ya tatu, viwili. Nikarudia na mwingine, na wa tatu. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu jikoni. Moto ulikuwa unamnywa samaki, na sheria haikujua.

Juma lililofuata nilibeba kambare wawili wazima ndani ya chungu chenye maji kidogo na majani. Kambare si mwepesi kufa. Walifika Bihambwe wakipiga mkia. Niliwaweka mbele ya agronomo.

"Papa, pima hizi."

Walifika msumari. Nikamwomba awafunge uzi wake mwekundu ili asije akasema nimewabadilisha, tukawakausha kwenye kibanda nyuma ya duka la yule mfanyabiashara, ufunguo akakaa nao agronomo mwenyewe. Nilidhani atanifukuza. Lakini naye alikuwa na ugonjwa wangu: baada ya juma moja nilimkuta ameshawatoa, amewapima mara mbili kabla sijafika.

"Vidole viwili," alisema, akitabasamu kama mtoto. "Dada, hawakutufundisha hii ku masomo."

Aliandika barua kwenda biro ya Masisi, ofisi ya wakubwa wake. Jibu lilichelewa, lakini lilikuja. Akapiga msumari wa pili, vidole viwili kabla ya ule wa kwanza, kwa ajili ya samaki wa moshi, na mduara ukapimwa kwa kamba mgongoni bila kuvunja. Mama aliuza kitunga chote siku hiyo. Akaninunulia kitambaa cha kichwa, akawaambia wanawake wote wa soko kwamba mutoto wake njo alifundisha serikali kupima. Nilivimba kichwa. Nilitembea sokoni nikitaka watu wanione.

Ningenyamaza hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini usiku tukila sombe, majani ya mihogo, nilimweleza Mama kila kitu nilichokiona kwenye ukamba, kwa sababu kilikuwa kitamu kukieleza. Nilisema, "Mama, unajua siku ya kwanza samaki hapungui kitu? Moshi wa siku moja unamfanya mweusi tu."

Mama aliacha kutafuna.

"Basi mwenye ni mufupi kwa vidole viwili," alisema polepole, "moshi ya siku moja, anafika musumari ya pili?"

"Anafika," nikasema. Nilikuwa najibu hesabu.

Alianza na wachache, chini ya kitunga. Wavuvi waliuliza mbona sasa anapokea wafupi, akawaambia ukweli, maana hakuona aibu: walipimwa na walipita. Majirani wakaona. Kufikia mvua nyingine, kila kichanja juu ya ziwa kilikuwa na duara ndogo zilizofukizwa siku moja. Yule mfanyabiashara alilalamika kwamba zinaoza kabla ya kufika Mpofi, lakini alizichukua. Agronomo alipima kwa haki, kamba mgongoni, na wote walifika. Kambare wadogo hawaendi mbali. Wanakaa pembeni, kwenye mafunjo, palepale mitego ilipo.

Mvua ya pili baadaye wavuvi walianza kurudi na mitego yenye majani mengi kuliko samaki. Halafu walirudi na majani tu. Nilienda mwenyewe mara tatu kuangalia, kwa sababu sikuamini. Nilisimama ndani ya maji hadi magotini na nikaona haya, haya kabisa, ingawa hakukuwa na mtu wa kuniona.

Soko la mwisho ninalolikumbuka vizuri, agronomo alikaa na ubao wake tangu asubuhi na hakuna aliyemletea kitu. Mchana alikuja mpaka tulipoketi. Mama alikuwa na maharage ya shemeji yake, aliyopewa ayauze na kurudisha.

"Mama," aliuliza kwa upole, "leo hauna samaki? Barua iko, ruhusa iko."

"Ruhusa iko, Papa," Mama akamjibu. "Samaki njo haiko."

Aliendelea kuchambua maharage, na hakunitazama.