Compiler ya kanisa Ikutha na manual niliyotoka nayo Emali

Wakuu, salamu kwa wote. Hii sijaambiwa na mtu. Mama yangu ni shahidi, ingawa yeye huisimulia tofauti.

Mimi nafanya kazi Emali kwa duka la kompyuta, lakini nyumbani ni Ikutha. Mwaka jana mashindano ya kwaya kanisani kwetu yaliishia ugomvi, kwa sababu alama zilijumlishwa na mzee ambaye bibi yake anaimba. Kwaya mbili zilinuniana mpaka mvua ikanyesha.

Mwaka huu mama, mwenyekiti wa akina mama, akasimama mbele ya kanisa akatangaza, "Mwende wangu ataleta programu ya kujumlisha. Kompyuta haina ndugu."

Hakuwa ameniuliza.

Sasa, network ya nyumbani ni ya kutafutwa juu ya kilima. Kwa hivyo nikadownload manual ya compiler, ile programu inayogeuza code iwe kitu kompyuta inaweza kuendesha, nikiwa Emali, ile mpya kabisa. Nani huchukua ya zamani? Nikaandika code nikiifuata neno kwa neno, nikaiweka kwa flash.

Jumamosi mchana nikafungua kompyuta ya kanisa. Compiler ikakataa. Flag niliyoweka, yaani kale kaneno ka kuiagiza ifanye kazi vipi, eti haijui. Naangalia manual, iko pale na mfano wake. Nikaandika tena polepole, ikakataa tena.

Wamama waliokuwa wakifagia wakaacha kufagia. Wakuu, niliona aibu. Mama alikuwa mlangoni, na yule mzee wa kujumlisha alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni.

Mama akaita pasta. Kwetu kitu kikikataa huombewa, iwe ng'ombe, iwe pampu ya maji. Pasta akaweka mkono juu ya monitor, akafunga macho, kisha akafungua jicho moja.

"Mwende, hii kitu inakataa inaitwa nani? Mimi siombei kitu bila jina."

"Ni compiler, pasta."

"Hiyo ni ya ukoo. Nataka jina kamili."

Ningefanya nini? Nikaandika command ya kuuliza version ili nimsomee. Ikajibu 7. Manual yangu ilikuwa ya 13.

Kumbe muda wote nilikuwa namgombeza mtoto wa nursery kwa kutojua hesabu za form four.

Na manual ya 7 ilikuwa humo humo kwenye kompyuta, imekuja pamoja na compiler yenyewe. Nikaifuata, nikabadilisha mistari michache pasta na wamama wakiendelea kuomba. Programu ikakubali kabla ya amina, na mama akapiga vigelegele.

Funzo langu ni moja: kabla hujalaumu compiler, iulize version yake, halafu utafute manual ya hiyo hiyo, si ya mkubwa wake. Kama kuna mwingine amepitia haya, aseme hapa nisijione peke yangu.

Ah, na matokeo, kabla mniulize. Jumapili programu ilijumlisha vizuri, screen ikaonyesha kila mtu. Kwaya ya mama ilishika mkia.

Mama akaangalia screen, akaniangalia mimi, akaninong'oneza, "Mwana wakwa, hebu muite pasta tena."