Kitanda Kisichopoa

Naweka dau kofia yangu hutaamini: kule Liverpool, karibu na bandari, Wilf Ormerod alitumia kitanda kimoja na mwanamume mwenzake mwaka mzima, na walilala pamoja mara moja tu.

Nyumba ya kupangisha vitanda ya Bibi Garstang ndivyo ilivyokuwa. Usiku kitanda cha Aksel, baharia mstaafu kutoka Denmark. Asubuhi cha Wilf, kuli wa zamu ya usiku. Huyu akishuka yule anapanda, godoro bado lina joto. Kulala kwenyewe Waingereza wa pale wanakuita kip.

"Nyinyi mnaiba hata maneno," Aksel alimtania asubuhi moja, akivaa viatu. "Kwetu kippe ni kibanda cha pombe. Mabaharia wakalileta huku, likawa danguro, likawa nyumba ya kulala maskini, likawa kitanda, sasa usingizi mtupu. Kila likihama linapungua!"

"Kama mimi, mzee. Mke wangu akiwa hai nilikuwa na nyumba. Kisha chumba. Sasa nusu kitanda, tena kinanuka miguu yako."

"Basi umebaki na usingizi. Ushike!"

Na aliushika kweli. Bandarini kuli akisinzia tu, kazi hana. Na asiye na kazi, Bibi Garstang hampi kitanda.

Januari, Wilf akarudi yuko hoi. Aksel hajashuka.

"Shuka, mzee. Zamu yangu."

"Kifua, mwanangu. Niitie daktari."

"Acha kudeka! Juzi si ulilia mguu umevunjika, nikakubeba, ukacheka mpaka ukapaliwa?"

"Leo sichezi."

Wilf akatazama ngazi. Kwa daktari ni mbali. Akienda, asubuhi imeisha, usingizi umekwenda nayo, na usiku atasinzia mbele ya msimamizi.

"Nikiamka nitamwita. Sogea huko."

Akajitupa kando yake, wakapeana migongo. Mgongo wa mzee ulikuwa wa moto kama tanuri. Tangu mkewe afe, Wilf hakuwahi kulala vizuri namna ile.

Alipoamka jua lilikuwa linazama, na kitanda, kwa mara ya kwanza, kilikuwa baridi upande wa mzee.

Bibi Garstang alibadilisha shuka, akamtia mpangaji mwingine jioni ileile. Wilf akaenda kazini. Hakusinzia. Makuli wakimuuliza habari za yule mzee, hana maneno mengi.

"Nilidhani anajifanya. Hakuwa anajifanya."