Daktari Aliongea Kirefu, Nikamtafsiria Wifi Maneno Mawili

Nimekosa, na sikukosa kwa bahati mbaya. Nawaambia mapema ili msije mkanihurumia katikati. Mkimaliza kusoma nitukaneni, mimi nimeshajitukana zaidi yenu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, nanunua mawe ya dhahabu kwa wachimbaji huku Masumbwe. Kwetu ni Didia, Shinyanga. Huko yuko kaka yangu na mkewe, Mama Kulwa, na huyo ndiye wifi ninayemzungumzia.

Sikumpenda. Nilipoachika nikarudi nyumbani na begi langu, yeye ndiye aliyenilaza jikoni kwenye kuni, eti chumba kimejaa mahindi. Miezi mitatu nalala na moshi! Niliondoka pale nikiapa kwamba ipo siku atanihitaji.

Siku ikafika. Mama Kulwa alikuwa ameshakoma hedhi, mwaka wa nne huo, mara damu ikaanza kutoka tena. Kidogo kidogo, kisha vitambaa kwa vitambaa. Kaka akanipigia simu. "Mpeleke wewe, unajua mambo ya hospitali. Huyu Kiswahili chake ni cha sokoni."

Kweli kabisa. Muulize bei ya nyanya atakujibu, lakini daktari akianza kueleza, anabaki anatikisa kichwa tu. Amekulia kwenye Kisukuma na shule hakuiona.

Mjini wakamfanyia kipimo. Wanaingiza mrija mwembamba, wanachukua kinyama kidogo ndani ya mfuko wa uzazi, kinapelekwa maabara. Aliumia, akanishika mkono. Niliutoa. Naandika na hilo, maana nimeamua kusema yote.

Siku ya majibu daktari, kijana mdogo tu, alimwamkia shikamoo, kisha akanigeukia mimi. Akasema hawajaona saratani. Halafu akaendelea. Kinyama kilichopatikana ni kidogo mno. Mrija unagusa sehemu tu, unaweza kupita pembeni ya ugonjwa ukauacha palepale.

"Kwa hiyo asijihesabu amepona," akasema. "Damu ikitoka tena, hata tone, arudi haraka tuangalie ndani kwa kipimo kingine. Mwambie vizuri, mama."

Nikamgeukia wifi, nikamwambia kwa Kisukuma: "Huna kitu."

Akanitazama. "Mbona yeye ameongea kirefu, wewe umesema maneno mawili?"

"Madaktari wanapenda kuongea. Nyanyuka twende."

Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu akirudi, ni mimi tena wa kumpeleka na kumbembeleza. Na kwa sababu nilitaka alale na shida yake kama mimi nilivyolala na moshi. Basi! Sina sababu nyingine ya kuwapamba nayo.

Nyumbani nikawatangazia wote kwamba cheti kimesema ni mzima, hizo damu ni za kudeka. Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, nani angeisoma? Damu haikuacha. Kila akilalamika, kaka anamwonyesha ile karatasi. Mwisho akachoka kulalamika, akawa anakwenda kufua vitambaa vyake peke yake.

Na kinachonikera hadi leo ni kazi yangu. Mchimbaji akinionyesha jiwe moja, sinunui mfuko mzima kwa hilo. Namwambia mwaga! Nachota juu, katikati na chini, tunatwanga, tunaosha kwenye karai. Hata karai likitoka tupu, nachota tena upande mwingine kabla sijakataa, maana ipo mifuko iliyowahi kunidanganya. Kwenye mawe nina akili hiyo. Kwenye tumbo la mke wa kaka yangu nikasema kinyama kimoja kinatosha! Tena nilishaambiwa hakitoshi, kwa Kiswahili ninachokijua vizuri.

Baada ya miezi tisa akaanguka shambani. Hospitali ya rufaa walimlaza, wakaangalia ndani na kuchukua nyama ya kutosha. Saratani, na imeshatoka nje ya mfuko wa uzazi. Nesi mmoja, Msukuma mwenzetu, akapekua karatasi zake za kwanza, akamuuliza kwa lugha yake, "Mama, hapa waliandika urudi damu ikiendelea. Mbona ulikaa?"

Mama Kulwa alinigeukia mimi niliyekuwa pembeni ya kitanda.

"Nilikuuliza," akasema. "Palepale nilikuuliza."

Jamani! Nilitamani anipige. Hakunipiga.

Kaka akanipiga marufuku kukanyaga kwake. Mwenye ugonjwa ndiye aliyekataa. "Kliniki atanipeleka yeye," alimwambia mumewe. "Nataka niwe namwangalia mdomo." Kwa hiyo nampeleka. Si kwamba amenisamehe, na mimi nisiwadanganye kwamba tumekuwa marafiki. Tunakaa benchi moja bila kusemeshana.

Juzi daktari alisema machache sana. Kwamba dawa zilizobaki ni za kupunguza maumivu tu. Nikatafsiri yote, sikuacha kitu.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu, wifi."

Hakuniamini. Alimwita mama mmoja aliyekuwa anapiga deki kwenye korido, naye Msukuma, akamwomba akamuulize daktari upya. Yule mama akaacha ndoo yake, akaingia, akatoka na maneno yaleyale niliyoyasema mimi. Wifi akamshukuru, akamwambia wabeja. Mimi hakuniangalia mpaka tunafika Didia.

Sasa nakwambia wewe mwenye mama, mke au wifi anayetokwa damu wakati hedhi ilishakoma. Majibu mazuri ya kipimo cha kwanza yasikulaze kama damu bado inatoka. Mrudishe! Uliza kama nyama waliyochukua ilitosha, uliza kama kuna kipimo kingine, usione aibu kuonekana msumbufu.

Na wewe unayewatafsiria watu wako hospitalini, umpende usimpende, sema yote. Chuki yako iache nje ya geti. Mimi niliingia nayo mpaka kwa daktari, na leo hata nikisema kweli, wifi yangu anakwenda kuihakikisha kwa mpiga deki.