Namba Iliyofutwa Chini ya Makala

Wananchi wa Ikutha na vitongoji vyake wanatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Mbaluka, mwandishi, mchambuzi na admini wa grupu la Wafugaji Tuamke, ametoa makala yake ya mia mbili bila kuandika hata moja. Mnaombwa kusimama. Basi, kaeni.

Kazi yake haikuwa na jasho. Anaona makala ya mtu, anainakili, anateremka mpaka chini, anafuta jina la mwenyewe, anabandika lake. Kusoma? Hiyo ni kazi ya wasomaji. Na huyu ndiye aliyemburuta jirani mpaka kwa chifu eti amerina asali kwenye mzinga wenye alama ya ukoo wa kina Mbaluka! Mikato mitatu ya kisu kwenye gogo la mzinga aliiheshimu. Jina zima la binadamu aliliona kama vumbi kwenye kioo cha simu.

Makala ya mia mbili ilihusu mbuzi aliyefura tumbo. Aliiandika Ndunge, daktari wa mifugo wa pale pale sokoni, akamalizia hivi: mafuta ya kupikia yasipomsaidia, usingoje, nipigie. Mbaluka akafuta Ndunge, akafuta na namba ya Ndunge, akaweka jina lake na namba yake. Ndunge alipouliza kwenye grupu, "Kaka, hata jina tu?" akatolewa kwa utovu wa nidhamu.

Jumamosi asubuhi Mzee Mutisya akapiga ile namba, akaelekezwa nyumbani, akafika kwa bodaboda na mbuzi mapajani.

"Daktari! Mafuta nimempa vile uliandika. Hakuna kitu. Na ni huyu mmoja tu ukame umeniachia."

Mbaluka akachuchumaa, akampapasa mbuzi kichwani.

"Tumbo liko huku," Mutisya akasema.

"Najua, mzee. Mimi huanzia juu."

Mbuzi akaguna, akanyoosha miguu. Mwongeli, mwenye posho mill, ile mashine ya kusaga unga hapo jirani, akatoka na unga mpaka kwenye kope. "Si uliandika umeponya mia tatu? Ponya basi huyu wa mia tatu na moja, tuone!"

Mutisya alikuwa amepiga magoti, ameshika sikio la mbuzi wake kama mtu anayeaga. Hapo hata Mbaluka akaingiwa na baridi. Akatoa simu, akaitafuta makala kule alikoitoa, akateremka mpaka chini kabisa, pale pale alipozoea kufuta. Namba ilikuwepo.

"Halo? Daktari Ndunge? Mimi ni... msomaji wako."

Ndunge alikuja mbio, akapitisha mrija wa mpira kooni mwa mbuzi, na hewa ikatoka na harufu ya kufukuza kanisa zima. Mbuzi akapiga chafya, akasimama, akaanza kutafuna kamba ya kiatu cha admini.

"Aiya!" Mutisya akageuka. "Kumbe maneno ni ya huyu mama? Na mimi nimekuita daktari muda wote huo mnyama wangu akikata roho?"

Ndunge alikuwa akikunja mpira wake polepole. "Kaka Mbaluka, sina kelele. Niambie tu. Kwa nini ulifuta jina langu?"

Mwongeli akakimbia kuzima mashine ili asikose neno. Mbaluka akafikiri, pengine kwa mara ya kwanza mwaka huu.

"Lilikuwa linafanya makala iwe ndefu," akasema.