Treni Ndogo Iliyomtaka Baba

Harufu ya mafuta ya mashine yaliyopata moto, ikichanganyika na moshi wa kuni mbichi, hunirudisha mjini kwetu Baraka, miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru. Wengine harufu hiyo huwatia kichefuchefu. Mimi hunitia wivu, tena hadi leo, bibi mzima mwenye wajukuu.

Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha pamba karibu na ziwa. Nyuma ya kiwanda, katikati ya nyasi, kulikuwa na treni ndogo ya mvuke iliyokufa, ambayo zamani ilivuta marobota ya pamba hadi gatini. Hapakuwa na nyingine ya namna ile upande wetu wote wa ziwa. Kuku walikuwa wakitagia ndani yake. Kisha lori la kiwanda likaharibika, na patroni, mwenye kiwanda, akamwambia Baba aifufue.

Tangu siku ile tulimpoteza. Mimi mtoto wake wa pekee, niliyezoea kutolewa miiba ya samaki na mkono wake, sasa nilikula na mtu mwenye vidole vyeusi na macho yaliyokuwa mbali. Jumapili, baba za wenzangu walipokaa barazani, wangu alikuwa tumboni mwa treni akikwangua kutu. Aliitafutia bomba la shaba kwenye mashua iliyovunjika, akalisugua hadi likang'aa. Mama hakuwa na hata bangili moja ya shaba.

“Baba Riziki,” Mama alimwuliza siku moja akitenga bugali na sombe ya majani ya muhogo, “ule mwanamuke yako ya chuma, iko anajua kupika?”

“Mayi tu ndiyo anapikaka,” Baba akajibu, akimaanisha maji ya mvuke, akicheka peke yake.

Siku ya kuwasha moto aliwaamuru watu wote wasogee mbali, maana tangi lile kuukuu lingeweza kupasuka. Akabaki nalo mwenyewe. Mama alinibana kifuani hadi nikasikia moyo wake ukidunda. Chuma kililia, mvuke ukavuma, kisha filimbi ikalia na treni ikasogea! Vigelegele vikapanda. Baba aliipapasa ubavuni polepole, vilevile alivyonipapasa mimi nilipokuwa na homa. Nikatamani ipasuke, mradi yeye aruke kwanza.

Ilifanya kazi msimu mmoja wa pamba. Lilipokuja lori jipya, patroni alisema treni itapelekwa ng'ambo ya ziwa, kwenye shamba jingine, na fundi wake aende nayo akaishi huko. Sisi hatukuweza kumfuata. Bibi, mzaa mama, alikuwa mgonjwa kijijini Lubondja, na Mama ndiye aliyekuwa akimwuguza.

Mama alipoambiwa, hakuacha kusonga bugali.

“Enda naye,” alisema. “Lakini siku utagonjwa, ujue ye hatakupikia uji.”

Asubuhi ya kupakia, wanaume waliivuta kwa kamba hadi gatini, ndani ya bato, chombo kikubwa cha mizigo. Baba alipanda nayo. Alimwonyesha fundi mwingine, aliyekubali kwenda mahali pake, namna ya kuiwasha, akafuta filimbi kwa kitambaa, akashuka. Bato likaondoka bila yeye.

Niliruka kwa furaha. Tumeshinda! Nikageuka nicheke na Mama. Alikuwa amemshika Baba mkono mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na Baba alikuwa analia.

“Lia tu,” Mama alimwambia. “Niko hapa.”

Nilikasirika. Mtu mzima kulilia chuma, na Mama anambembeleza! Sikumsemesha Mama mpaka jioni.

Miaka mingi baadaye mume wangu aliikataa kazi nzuri aliyopewa Bukavu kwa sababu mimi sikuweza kuhama kwetu Fizi. Nilimkuta amesimama mlangoni, akiitazama barabara. Nilifurahi kwamba amebaki, na papo hapo nikaona haya kufurahi. Ndipo nilipomwelewa Mama. Wivu wake haukuwa umekwisha siku ile gatini. Ila alijua Baba ameacha nini kwa ajili yetu, na kwamba hatakitaja tena. Na kweli, mpaka tunamzika, hakukitaja.