Mpiga Lipu wa Mtaa wa Carlin

Wilfred Hindmarsh alianza kupigwa kabla hajajua kufunga viatu. Baba yake aliunda maboila katika viwanda vya meli vya Sunderland, mtu wa mikono mizito, na kila Ijumaa alipoingia na harufu ya bia, nyumba nzima ilinyamaza kama ya wafiwa. Wilf akiwa na miaka tisa alizabwa kofi lililoua sikio lake la kushoto. Mama yake akawaambia walimu kuwa mtoto ameugua mafua yakapanda kichwani.

Alipokua akawa fundi lipu, na mji mzima ukamjua kwa upole wake. Mwenyewe hakuuamini upole huo. Kabla hajamwoa Enid Storey, aliyekuwa akifanya kazi kwenye tanuri la mikate, alimketisha akamwambia, "Damu ya baba ninayo, ni vizuri ujue mapema. Siku nikikuinulia mkono, ondoka. Usingoje niombe msamaha."

"Siku ukiniinulia mkono, Wilf," Enid akamjibu, "wewe ndiye utakayeondoka, tena kwa machela."

Wakaoana, wakaishi miaka ishirini na miwili katika vyumba viwili vya kupanga. Mwaka 1985, wakati viwanda vya meli vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, walinunua namba saba Mtaa wa Carlin. Mimi nilikuwa nikikaa ng'ambo ya barabara, mtu wa posta, kazi yangu kupanga barua. Ulikuwa mstari wa nyumba kumi na moja zilizojengwa enzi za Malkia Victoria kwa ajili ya makapteni: ghorofa tatu, madirisha marefu ya kubenuka mbele, ngazi pana za mbao ya mkangazi. Walipofika, nyumba nane zilikuwa tupu na njiwa walikuwa wakitaga kwenye masinki.

Namba saba ilikuwa imeoza. Maji yalikuwa yameingia kwa miaka, dari za juu zimeanguka, kuvu imetambaa ukutani kama ramani. Wilf aliipenda kama mtu anavyompenda mgonjwa. Saruji hakutaka kuiona. Alisema saruji inaziba pumzi za nyumba kongwe. Aliloweka chokaa kwenye mapipa uani, akachanganya na mchanga na manyoya ya mbuzi, akagongelea darini papi mpya, vile vijiti vyembamba vya mbao vinavyoshika lipu, akapiga lipu tabaka tatu kama walivyopiga waliotangulia. Kwenye dari ya sebule kulikuwa na ua kubwa la nakshi ambalo hukuweza tena kuona kama ni ua, kwa jinsi lilivyofukiwa na rangi za miaka mia. Alikaa jukwaani wiki sita, shingo imepinda, akilikwangua kwa sindano na maji ya moto. Siku majani yalipotokeza, Enid aliniita nikaone. Yalikuwa majani ya mzabibu na vishada vyake, na kila jani lilikuwa na mishipa yake.

"Fundi aliyelifinyanga hili alikuwa hajaona zabibu maishani," Wilf alisema. "Angalia, kazichora kubwa kama viazi."

Mwaka uliofuata mtu mmoja aitwaye Pargeter alinunua nyumba zote tupu za mtaa. Alitaka kubomoa mstari mzima ajenge maegesho na maduka, na namba saba ilikaa katikati kama mfupa kooni. Alituma barua ya kutaka kuinunua, Wilf akakataa. Ndipo akaja mtu wake, Dougie Rutter.

Rutter alikuwa bondia wa zamani, kifua kama mlango. Alisimama kizingitini akiwa na kofia mkononi, akamsifia Enid mapazia.

"Kazi nzuri, mzee," alimwambia Wilf. "Itauma sana ikianguka."

"Haianguki. Nimeipigilia mwenyewe."

"Kila kitu huanguka, mzee. Ni suala la nani yuko chini yake."

"Basi usisimame hapo," Wilf akasema, akafunga mlango.

Wiki hiyohiyo mtu alipanda paa akang'oa mabati ya madini ya risasi yaliyokinga maungio yasivuje. Mvua ikanyesha siku tatu. Nusu ya dari ya sebule ikalowa, ikashuka kwa kishindo nilichokisikia nikiwa kwangu, na kipande cha lile ua kikavunjikia sakafuni.  Wilf alipanda paa mwenyewe, akaziba, akaanza tena.

Jumamosi ya Machi, saa nne asubuhi, Enid akiwa kazini, gari jeupe lilisimama mbele ya namba saba. Niliwaona wakishuka: Rutter na wanaume wawili. Niliwaona wakiingia. Mlango waliuacha wazi, na kupitia pale niliwaona wakimlaza Wilf kifudifudi kwenye ngazi, mmoja amemkalia mgongoni, mwingine amemnyoosha mkono wa kulia juu ya kidato. Rutter alichukua nyundo ya mbao ya Wilf mwenyewe. Alipiga kidole kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayepigilia misumari. Nilisikia kelele ya Wilf mara mbili. Baada ya hapo sikusikia tena ila nyundo.

Nilivuta pazia. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu polisi walipokuja kubisha kwangu alasiri ile niliwaambia nilikuwa nimelala. Neno la Wilf peke yake halikutosha kumfunga mtu.

Vidole vinne na kiganja vilivunjika. Madaktari waliviunga kwa vyuma, lakini havikukunjika tena. Enid alitaka wauze. "Mkono umekwenda, Wilf. Unangoja wachukue nini kingine?"

"Nina mwingine," akasema, na akaanza kujifunza kupiga lipu kwa mkono wa kushoto. Nusu ilimwangukia usoni.

Rutter alirudi mwezi wa Mei, Jumapili mchana, peke yake na amelewa. Huenda hata Pargeter hakumtuma siku hiyo. Alikuja na nyundo ya kuvunjia mawe, akaingia kwa mlango wa mbele, akaanza na ngazi. Alipasua nguzo za mkono wa ngazi moja baada ya nyingine, akavunja meko ya marumaru vipande viwili. Wilf alikuwa uani akikoroga chokaa, na sikio lake bovu lilikuwa upande wa nyumba. Hakusikia mpaka Enid alipopiga ukelele. Enid alikuwa ameushika mpini wa nyundo kwa mikono miwili akining'inia nao kama mtoto. Rutter akamkung'uta, Enid akaangukia zile nguzo zilizopasuka, mfupa wa bega ukakatika na kijiti cha mbao kikamchoma shavu hadi kikagusa meno.

Wilf aliingia ameshika nyundo ya papi kwa mkono wa kushoto. Nyundo hiyo ina kichwa upande mmoja na shoka dogo upande wa pili. Safari hii sikuvuta pazia. Nilivuka barabara mbio, na nilipofika mlangoni pigo la kwanza lilikuwa limeshashuka: begani mwa Rutter, kwa upande wa shoka. Rutter akageuka na ngumi, ikampata Wilf mbavuni, ukasikika mlio kama wa kijiti kikavu kikivunjika. La pili lilimpata Rutter usoni. Jicho lilikwenda na pigo hilo. Akapiga magoti, kisha akalala ubavu, akijifunika kichwa kwa mikono.

Hapo pangetosha. Wilf aligeuza nyundo, sasa kichwa badala ya shoka, akaendelea. Alipiga mikono iliyokuwa ikifunika, mikono ikafunguka, akapiga kilichokuwa chini yake.  Damu ilirukia lipu mbichi ya ukutani.

"Wilf, basi," Enid alikuwa akisema kutoka sakafuni, mdomo umejaa damu. "Basi. Ameshalala. Wilf."

Nilimshika kiuno. Alinipiga kiwiko cha pua bila kunitazama. Ilibidi Enid atambae amshike mguu ndipo akasimama, akaitazama nyundo, akaiweka chini taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Rutter hakufa. Alipoteza jicho, na ulimi wake haukurudi sawa. Maneno yalimtoka yakiburuta miguu. Kortini nilisimama nikasema yote, pamoja na ile Jumamosi ya Machi na pazia. Wakili aliniuliza kwa nini nilikaa kimya miezi miwili. Nikasema niliogopa. Akaniuliza tena, polepole, ili wote wasikie, na nikajibu tena. Kutokana na ushahidi huo wale wawili wa gari jeupe walikamatwa, wakamtaja Pargeter, naye akafungwa mwaka mmoja. Wilf alifungwa miaka mitatu. Hakimu alisema mapigo mawili ya kwanza yalikuwa ya mume, na yaliyobaki hakujua ayape jina gani.

Enid alikwenda gerezani kila Alhamisi ya pili, shavu lake likiwa na kovu la mshono. Aliniambia mwenyewe walichozungumza mara ya kwanza.

"Nikuambie jambo," Wilf alisema. "La kwanza nilikuwa nakutetea. La pili pia. Yale mengine, Enid, niliyapiga kwa raha. Sijawahi kusikia raha kama ile."

"Najua. Nilikuona uso."

"Ulikuwa wa baba."

"Sikumjua baba yako," Enid akasema. "Ulikuwa wako. Sasa sikiliza, mvua inaingia sebuleni na mimi sijui kuchanganya. Mchanga kiasi gani?"

Akamwambia. Ziara iliyofuata alirudi na malalamiko kwamba lipu inapasuka, Wilf akamwambia anaikausha haraka, aitundikie magunia mabichi. Hivyo ndivyo Enid alivyojifunza ufundi, kwa maneno, meza katikati, askari magereza akisikiliza. Wiki nyingine nilimshikia ndoo. Alikuwa na miaka arobaini na sita, bega likimuuma, na alitukana kila ubao alioupigilia. Sehemu ya dari aliyoijaza yeye ina kibyongo, kinaonekana hadi leo jua likiingia kwa ubavu. Majani ya mzabibu yaliyovunjika aliyafinyanga upya kwa kukandamiza udongo kwenye yale mazima, akapata yote isipokuwa mawili.

Wilf alitoka baada ya miaka miwili. Hakuingia ndani. Alisimama barabarani na mfuko wake, kisha akaniuliza Rutter anakaa wapi.

Nilikwenda naye, kwa sababu niliogopa atakachofanya. Rutter alikuwa akiishi kwa dada yake, Maureen, mwanamke mwembamba aliyemtazama Wilf na kumjua papo hapo.

"Umekuja kumalizia?"

"Hapana, mama. Nimekuja anione."

Rutter alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Wilf akasimama mbele yake, mikono nyuma. Alisema alichokuja kusema, kwamba alipiga zaidi ya ilivyostahili na alijua wakati akipiga. Rutter alimwashiria ainame, kama mtu anayetaka kunong'ona. Wilf akainama. Rutter akamchapa ngumi ya mdomo kwa nguvu zote zilizombakia, meno mawili yakatoka. Wilf akatema, akainama tena. Rutter akainua mkono wa pili, ukaishia hewani, ukashuka. Akaanza kulia kwa hasira, na sauti yake ilikuwa mbaya kuisikia.

"Sasa tokeni," Maureen akasema. "Umejifanyia wewe, hukumfanyia yeye. Tokeni."

Tukiwa njiani Wilf alisema yule mama yuko sahihi. Hakwenda tena.

Kwa mkono ule hakuwa fundi tena. Enid ndiye aliyeitwa kwenye nyumba za watu, na Wilf akamkorogea chokaa na kumbebea ndoo miaka kumi na saba. Baraza la mji liliuhifadhi mstari wote, na nyumba zile tupu, familia zilizozinunua zilimpigia hodi Enid kwanza. Baadhi ya wanaume walipenda kumnunulia Wilf bia kwa sababu ya ile Jumapili. Aliwaachia bia mezani.

Alikufa kwa kifua mwaka 2005. Kanisani Maureen alikuja, akaketi kiti cha nyuma, koti halikumtoka mwilini. Enid alimfuata mlangoni akamkaribisha nyumbani kwa chai.

"Hapana," Maureen akasema. "Nilitaka tu kuhakikisha kweli amekufa."

Wakapeana mikono, akaondoka.