Hakurogwa Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa mwashi kule Pongwe, mtu wa kubeba mfuko wa saruji begani huku akipiga soga. Kwa miezi minne tu akaisha. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa manjano kama bizari, na daktari akaniita pembeni: saratani ya ini.

"Mbona hajawahi hata kuonja pombe?"

"Si pombe. Ana virusi vya homa ya ini B, yumkini tangu kuzaliwa. Hukaa kimya miaka na miaka vikilitia ini makovu, mwisho saratani inaota. Nyinyi wa tumbo moja mkapime."

Siku ya tatu ya matanga, baba mdogo alitangaza barazani kwamba marehemu karogwa, na mganga yuko tayari kumtaja mbaya wake. Macho yote yakamgeukia jirani yetu, bibi mjane aliyekuwa uani akitupetea mchele. Nikasimama. Kwetu mwanamke hasimami hivyo mbele ya wazee. Siku ile nilisimama.

"Baba, heshima yako ipo palepale. Ila kaka hakurogwa. Kauawa na ugonjwa wenye jina, na kipimo chake ni damu kidogo tu. Kesho nakwenda kupima. Aliyempenda marehemu anifuate."

Alinifuata mama peke yake. Sote wawili tulikutwa na virusi hivyo.

"Kumbe nilimpa mimi, siku ya kumzaa?" mama akauliza.

"Hukujua, mama. Na hakuna aliyekupima."

Nyumbani wifi yangu, dada wa mume wangu, akanitengea kikombe changu na sahani yangu. Nesi alikwisha kunieleza: vinapita kwa damu, kwa kujamiiana, kwa kuzaa, kikombe hakimo. Nikachukua kikombe cha wote, nikamimina chai, nikainywa yote huku nikimtazama usoni.

Mume wangu na wanangu walipimwa, wakakutwa salama, wakachanjwa. Mimi nameza kidonge kila siku, na kila miezi sita ini langu linapigwa picha. Nikiona aibu nitakufa, basi sioni.

Juzi asubuhi baba mdogo alibisha hodi kwangu Chumbageni. Habari ya mganga hakuitaja. Alikaa, akakohoa, akasema:

"Huko kwenye kupima, wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili, baba," nikamjibu, nikijitanda ushungi. "Twende zetu."